Simbamarara Alishinda Oscar, Waliomtengeneza Wakafutwa Kazi

Haipiti wiki kabla ya msee kuniandikia: "Nataka kuingia VFX lakini kazi ziko ng'ambo, na mimi niko Nairobi. Nianzie wapi?" Swali poa. Shida ni kwamba wengi wetu tunadhani kutengeneza filamu na watu walio mbali kulikuja na korona. Zii. Ni mambo ya kitambo, na historia yake ina pesa ndani.

Studio ya Rhythm & Hues ilianzishwa Los Angeles mwaka wa 1987. Hao ndio waliofanya wanyama waongee kwenye Babe, wakachukua Oscar, kisha wakachukua nyingine kwa The Golden Compass. Kufikia 2012 walikuwa na ofisi India, Malaysia, Taiwan na Kanada. Wa Los Angeles wakienda kulala, wa Mumbai wanaendelea na kazi ileile.

Hivyo ndivyo Life of Pi ilivyotengenezwa. Yule simbamarara, Richard Parker, unayemwona amelowa maji na mbavu zinahesabika? Sehemu kubwa ya filamu ni kompyuta tupu. Bahari yenyewe ilikuwa tangi la maji huko Taiwan, na mbingu zikaongezwa baadaye. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 600.

Februari 2013, studio ikaenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Wafanyakazi zaidi ya 200 walikuwa wameachishwa kazi. Chini ya wiki mbili baadaye, tarehe 24, ikashinda Oscar ya VFX. Bill Westenhofer akapanda jukwaani kushukuru, na alipoanza kutaja masaibu ya studio, wakampigia muziki wa Jaws na kuzima maikrofoni. Nje, mamia ya wasanii walikuwa barabarani na mabango. Mtandaoni wenzao wakabadilisha picha zao za wasifu kuwa mraba wa kijani, kijani kile cha kitambaa cha nyuma ya waigizaji. Yaani, bila sisi hiki ndicho mngetazama.

Sasa, filamu inaingiza pesa hizo zote na aliyeichora anafilisika vipi? Fikiria fundi wa nguo pale mtaani. Mmeelewana gauni ni 3,000. Unarudi, unataka kola ibadilishwe. Kesho mikono. Kesho kutwa unasema hata kitambaa hukipendi, na bei ni ileile. Studio za VFX zilikuwa zinakubali bei moja mwanzoni, halafu zinabeba gharama za kila badiliko. Ongeza serikali kama za Kanada na Uingereza zilizokuwa zinarudishia watengenezaji filamu sehemu ya gharama: kazi inahamia huko, na msanii anafunga sanduku kuifuata.

Hapo ndipo sisi tunaingia, na sitajifanya sioni. Kazi iliyotoka Los Angeles ikaenda Mumbai kwa sababu ilikuwa nafuu huko. Ikifika kwako Umoja ama Rongai, mara nyingi sababu ni hiyohiyo. Wewe ndiye bei ya chini. Mimi sioni aibu kuichukua, rent haingoji. Lakini ukishajua kwa nini umeitwa, utaongea na mteja tofauti: marekebisho mangapi yako ndani ya bei, nusu ya pesa inakuja kabla hujafungua laptopu, na kama unaruhusiwa kuonyesha ulichotengeneza filamu ikishatoka. Yote kwa maandishi, si kwa kupigiwa simu saa nane usiku.

Programu siku hizi si kisingizio. Blender ni ya bure kwa sababu mwaka wa 2002, kampuni yake ilipokufa, watu mtandaoni walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili kuikomboa. Flow, ile ya paka na mafuriko, ilitengenezwa nayo na timu za Latvia, Ufaransa na Ubelgiji. Mwaka wa 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya uhuishaji, mbele ya Inside Out 2. Paka mmoja, hakuna hata neno moja la mazungumzo!

Hata wale wa mabango hawakupotea hivi hivi, ingawa ilichukua miaka kumi. Septemba 2023, wafanyakazi wa VFX walioajiriwa moja kwa moja na Marvel walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi, na hakuna hata mmoja aliyepiga kura ya kukataa. Hao ni wa Marekani, wenye mkataba wa ajira. Anayekata roto kwa kandarasi kutoka chumba cha kulala huku Nairobi, kura hiyo haikumhusu.