Hesabu iliyosubiri miaka 83

Vijana huniuliza kila mara: kusoma kitu ambacho hakina kazi, faida yake nini? Mimi huwajibu kwa historia ya swichi.

George Boole alizaliwa 1815 katika mji wa Lincoln, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu. Chuo kikuu hakusoma. Akiwa na miaka 16 tayari anafundisha ili nyumbani wapate kula. Mengi alijisomea mwenyewe. Mwaka 1854 akatoa kitabu kinachogeuza fikra kuwa hesabu: jambo ni kweli au si kweli, basi. Mafundi hawakuwa na haja nacho.

Sasa twende Marekani, 1937. Mitambo ya simu ilikuwa inaendeshwa na rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mafundi walizipanga kwa uzoefu na kubahatisha. Claude Shannon, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme mwenye miaka 21 pale MIT, alikuwa ameshughulikia mashine ya kukokotoa yenye rilei kama 100. Na kabla ya hapo, chuoni Michigan, alikuwa amefundishwa hesabu ya Boole. Akaona kumbe swichi nayo ina hali mbili tu: imewashwa au imezimwa.

Jaribu mwenyewe kwa betri na taa ya sola. Weka swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja: taa haiwaki mpaka uwashe hii NA ile. Zitenganishe, kila moja kwenye waya wake: taa inawaka ukiwasha hii AU ile. Ongeza swichi ya kinyume, ambayo ukiibonyeza inakata: hiyo ni SI. Kwa maneno hayo matatu Shannon alionyesha jinsi swichi zinavyoweza hata kujumlisha namba. Simu yako ya mfukoni inafanya hayo hayo, kwa swichi za mabilioni.

Tena si yeye peke yake. Huko Japani, Nakashima Akira, mhandisi wa kampuni ya NEC, alikuwa ameshachapisha mawazo yanayofanana.

Shannon hakubuni swichi wala hesabu ya Boole. Alikuwa navyo vyote viwili kichwani. Sisi wengi tulikimbia tukaacha masomo katikati, na vyeti vyetu huku ugenini havitambuliwi. Lakini ulichosoma bado unacho. Usikitupe. Kilete Jumamosi kwenye chumba cha vijana. Betri na swichi mbili zipo.