Sentensi ya Gladstone Iliyopotea Kwenye Hansard

Kila mwandishi wa habari aliyewahi kukaa bungeni anakijua kisa hiki. Mheshimiwa anasema kitu, ukumbi mzima unasikia, kalamu zinaandika, halafu kesho yake mheshimiwa anakuja juu: eti nilinukuliwa vibaya. Na kule Dodoma kuna kauli tamu zaidi, pale Kiti kinapoagiza maneno fulani yafutwe kwenye Hansard. Yaani yamesemwa, kila mtu kayasikia, lakini kitabuni hayatakuwepo. Sasa mtafiti wa uchumi atakayekuja miaka thelathini baadaye, akitaka kujua waziri wa fedha alisema nini siku ile, arejee wapi? Kwenye kitabu cha Bunge, au kwenye gazeti la kesho yake?

Swali hili liliwahi kugombaniwa kwa miaka 19, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, na aliyetuhumiwa alikufa kabla halijaisha. Ugomvi wote ulihusu sentensi moja. Wanafunzi wetu wa uchumi wanafundishwa kuweka jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, basi. Wakimaliza hapo wanaona wametimiza. Kisa hiki kinaonyesha kwamba mtu anaweza kuweka vyote hivyo na bado akaitwa mwongo mbele ya watu.

Tuanze na hotuba yenyewe. Tarehe 16 Aprili 1863, William Gladstone, waziri wa fedha wa Uingereza, alisimama bungeni kusoma bajeti. Alikuwa na takwimu za kodi ya mapato. Alieleza kwamba kati ya 1842 na 1852 mapato yanayotozwa kodi yaliongezeka kwa asilimia 6, halafu kati ya 1853 na 1861 yakaongezeka kwa asilimia 20. Mwenyewe alishangaa, akaona ni jambo karibu lisiloaminika. Kisha akasema maneno yaliyozua balaa. Kwa ufupi, na kwa lugha yangu: alisema angeliangalia ongezeko hili la mali na nguvu, ongezeko la kulevya, kwa hofu na uchungu kama angeamini kwamba limeishia kwa wenye maisha ya nafasi tu. Akaongeza kwamba takwimu hizo hazigusi hali ya wafanyakazi, na kwamba ongezeko alilolieleza liko kwa matabaka yenye mali peke yao. Halafu akaendelea kusema kwamba hata hivyo wafanyakazi nao wananufaika kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa bidhaa zinashuka bei, na kwamba hali ya mfanyakazi wa Uingereza imekuwa nzuri kuliko zamani.

Hivyo ndivyo gazeti la The Times lilivyoripoti asubuhi ya tarehe 17, na Morning Star likaripoti karibu vilevile.

Mwaka uliofuata Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi iliundwa London, na Karl Marx akaandika hotuba yake ya uzinduzi. Humo akamnukuu Gladstone akisema kwamba ongezeko hili la kulevya la mali na nguvu liko kwa wenye mali peke yao. Mwaka 1867, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital, akairudia, na safari hii tanbihi ikataja chanzo: Gladstone bungeni, 16 Aprili 1863, gazeti la Morning Star la 17 Aprili. Tarehe ipo, mahali papo, gazeti lipo. Mhadhiri gani angemnyima alama?

Miaka mitano baadaye, Machi 1872, gazeti la Kijerumani liitwalo Concordia, lililokuwa sauti ya wenye viwanda, likatoa makala isiyo na jina la mwandishi. Makala ilisema sentensi ile haipo popote katika hotuba ya Gladstone. Ushahidi? Hansard. Mwandishi alikuwa ameifungua Hansard, akasoma hotuba yote, hakuiona. Akahitimisha kwamba Marx ameichomeka mwenyewe, kwa umbo na kwa maana. Baadaye ilijulikana kwamba aliyejificha nyuma ya makala ile ni Lujo Brentano, mchumi kijana ambaye siku hizo hajatimiza hata miaka 28, na ambaye baadaye alikuja kuwa profesa mkubwa.

Marx alijibu katika Volksstaat mwezi Juni. Jibu lake lilikuwa rahisi: fungueni The Times ya 17 Aprili 1863, sentensi ipo. Kama Hansard haina, basi Gladstone aliitoa mwenyewe baadaye, kwa sababu wabunge wa Uingereza wana desturi ya kusahihisha hotuba zao kabla hazijachapwa.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana wengi wetu tunaposikia jina Hansard tunafikiri ni kinasa sauti. Mwaka 1863 haikuwa hivyo. Ilikuwa biashara binafsi ya ukoo wa Hansard, na hotuba zake kwa sehemu kubwa zilikusanywa kutoka kwenye ripoti za magazeti, kisha wasemaji wakapewa nafasi ya kurekebisha. Taarifa rasmi ya Bunge la Uingereza, yenye waandishi wake wa kuandika neno kwa neno, ilianza mwaka 1909. Kwa hiyo Brentano alilikanusha gazeti kwa kutumia kitabu kilichozaliwa na magazeti, kikapitia mikononi mwa mtuhumiwa. (Hata leo, Hansard ya Kenya ya mtandaoni hubeba onyo kwamba nakala hiyo ni ya kujulisha tu, na mwenye kutaka iliyothibitishwa aende kwa mhariri. Ni watu wachache sana wanaolisoma onyo hilo.)

Kwa hiyo Marx alikuwa sahihi? Hapo ndipo mambo yanapokuwa mambo. Alipoonyeshwa The Times, Brentano hakunyoosha mikono. Alibadilisha shitaka. Sasa akasema: sawa, maneno yapo, lakini yametolewa mahali pake, na maana imepinduliwa. Tena akadai kwamba Marx hakuichukua sentensi kwenye gazeti, bali kwenye kitabu kimoja kisicho na jina la mwandishi kuhusu nadharia ya ubadilishaji wa fedha, kilichotoka London mwaka 1864, ambamo sentensi ilikuwa imeunganishwa vilevile. Kwa lugha ya leo: amenukuu nukuu, akajifanya kaona chanzo.

Mimi nimeziweka pamoja ripoti ya gazeti na nukuu ya Marx, na naona kila upande una lake. Shitaka la kwanza, la kubuni sentensi, limeanguka kabisa. Gladstone alisema, na magazeti ya siku ile ni mashahidi. Lakini nukuu ya Marx imeshonwa. Maneno kuhusu ulevi wa mali yanatoka kwenye sentensi yenye "kama", sentensi ya hofu. Maneno kuhusu wenye mali peke yao yanatoka kwenye sentensi nyingine iliyofuata. Marx alivitoa vipande viwili, akaviunganisha, akaweka kitu kimoja ndani ya alama za kunukuu. Katika Das Kapital alimtendea Gladstone haki zaidi, kwani humo aliendelea kunukuu mpaka pale waziri anaposema maskini nao wamepungukiwa na umaskini, akamcheka kwa hilo. Msomaji wa hotuba ya 1864 hakupewa nafasi hiyo.

Na kuna jambo la tatu ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote, ingawa wagombanaji walilipita haraka. Takwimu zilikuwa za kodi ya mapato, na wakati ule mwenye kipato cha chini ya pauni 100 kwa mwaka hakuwa akitozwa. Mfanyakazi wa kiwandani hakuwemo kabisa kwenye hesabu ile. Sasa Gladstone aliposema ongezeko liko kwa wenye mali peke yao, alimaanisha kwamba maskini hawakupata kitu, au alimaanisha kwamba takwimu zake zinawahesabu wenye mali tu? Ukisoma ripoti ya The Times, maana ya pili inaonekana wazi: anaeleza mipaka ya takwimu. Marx aliisoma kama ungamo. Kwa mtu anayeandika uchumi hili si dogo. Unaweza kunukuu neno kwa neno, ukataja gazeti na tarehe, na bado usimwambie msomaji kwamba namba ile haikuwahesabu watu unaowazungumzia.

Marx alifariki Machi 1883. Novemba mwaka huohuo Sedley Taylor wa Cambridge akaifufua kesi kwa barua kwenye The Times, akimsifu Brentano kwa kumuumbua marehemu. Aliyejibu ni Eleanor, binti mdogo wa Marx. The Times ilikataa kumchapa, akapeleka majibu yake kwenye jarida la To-Day, yakatoka Februari 1884. Alimbana Taylor palepale: shitaka la mwanzo lilikuwa baba yangu kubuni sentensi, mbona sasa mnazungumzia muktadha? Taylor hakuwa na njia ya kurudi kwenye shitaka la kwanza.

Huyu Eleanor anastahili makala yake peke yake. Das Kapital ilipokuwa ikitafsiriwa kwa Kiingereza, kazi iliyotoka mwaka 1887, kulikuwa na tatizo la kuchekesha na la kuogopesha kwa pamoja. Marx alikuwa amenukuu mamia ya vifungu vya Kiingereza na kuvigeuza Kijerumani. Watafsiri wangevigeuza tena kuwa Kiingereza? Ingekuwa kama kumwigiza mtu mbele yake mwenyewe. Ikabidi Eleanor atafute kitabu baada ya kitabu, ripoti ya mkaguzi wa viwanda baada ya ripoti, na kurudisha maneno ya asili. Bila kukusudia, akawa amefanya ukaguzi kamili wa tanbihi za baba yake.

Wachumi wa kabla yao hawakujisumbua hivyo. Adam Smith, kwenye kitabu chake cha 1776, anaeleza utengenezaji wa pini kwa hatua 18, na hatua 18 zimo pia kwenye makala ya pini katika Encyclopédie ya Wafaransa, juzuu ya 1755. Hapo Smith haitaji. Marx alikuwa wa namna nyingine; Engels anaeleza katika dibaji ya chapa ya tatu kwamba rafiki yake alinukuu wachumi si kwa sababu anakubaliana nao, bali ili kuonyesha wazo fulani lilisemwa wazi na nani kwanza, wapi na lini.

Mwaka 1890 Engels alitoa chapa ya nne ya Kijerumani, akitumia kazi ya Eleanor. Katika dibaji alisimulia kesi ya Brentano tangu mwanzo. Brentano akajibu kwa kijitabu, akamwandikia hata Gladstone, ambaye sasa alikuwa mzee wa miaka 80. Gladstone akamjibu kwamba Hansard ndiyo sahihi. Engels akachapa nyaraka zote mwaka 1891, za pande zote mbili, msomaji ajisomee.

Lakini dibaji ile ya 1890 ina ukurasa mwingine usiozungumzwa sana. Engels anaorodhesha yaliyogunduliwa kwenye ukaguzi: namba za kurasa zilizokosewa, alama za kunukuu na nukta za kuruka maneno zilizokaa mahali pasipo pake, maneno yaliyotafsiriwa bila uangalifu. Vifungu vingine vilitoka kwenye madaftari ya Paris ya 1843 hadi 1845, siku ambazo Marx hajui Kiingereza na aliwasoma wachumi wa Uingereza kwa tafsiri ya Kifaransa, hivyo vikawa vimetafsiriwa mara mbili. Vyote vikasahihishwa. Katika kitabu kizima ilibaki nukuu moja tu ambayo haikupatikana, ya mchumi Richard Jones, na Engels akakisia kwamba huenda Marx alikosea kuandika jina la kitabu.