Mpini wa robine na jina la bia

Ndugu wahitimu, mimi huchonga mipini ya robine ya bia hapa Bangboka, kwa mabaki ya mbao za afrormosia, kwa wenye baa nyumbani. Kila mteja anauliza kwanza kuhusu umbo. Historia inaanza na jina.

Marekani iliporuhusu tena pombe mwaka 1933, sheria zilitaka jina la bia lionekane penye robine, ili mwenye baa asimimine bia hafifu na kuiita nyingine. Basi ule mpini ni ahadi kwa mnywaji.

Kwetu Kongo tulizoea chupa. Primus iko sokoni tangu 1926. Jina la bia lilibebwa na etiketi, tena na midomo ya watu. Mdomo mkubwa kuliko yote ulitoka mji wetu: Patrice Lumumba, karani wa posta ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Alifungwa 1956. Alipotoka, 1957, alienda Léopoldville, akapata kazi ya kutangaza Polar, mpinzani wa Primus. Akazunguka nganda kwa nganda, akiongea na watu wa kila kabila. Oktoba 1958 chama cha MNC kikaundwa, yeye kiongozi. Waliomzoea kwa bia wakamsikia akidai uhuru.

Wengi wetu tuko na diploma na tunauza unite za simu. Tusione haya. Kuuza kunafundisha kusimama mbele ya watu. Tuangalie tu jina tunalolibeba lifanane na kilicho ndani ya glasi.