Hofu ya ghafla itokanayo na bangi

Hofu ya ghafla itokanayo na bangi ni hali inayompata mtu aliyevuta au kula bangi pale ambapo, badala ya kutulia, moyo unaanza kumwenda mbio, mikono inatetemeka, kinywa kinakauka na akili inashikwa na wazo moja tu: kwamba anakufa au anarukwa na akili. Wengine hujiona kama wametoka nje ya miili yao, au huamini kuwa kila apitaye anawatazama. Vijana wa Nakuru, Njoro na Naivasha nchini Kenya husema mtu huyo anatrip vibaya, au kwamba stimu zimemzidi. Hofu hiyo inaweza kuwa kali hadi mtu akatoka mbio barabarani au akajifungia chooni. Hata hivyo, yenyewe haiui, na hupita.

Chanzo chake ni THC, kemikali ya bangi inayolevya, ambayo wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kueleza umbo lake mwaka 1964 nchini Israeli. THC hujishikiza kwenye vipokezi vilivyoenea katika ubongo, vikiwemo vya amigdala, sehemu inayopima hatari. Wakati huohuo huongeza mapigo ya moyo, mara nyingi kwa mapigo 20 hadi 50 kwa dakika, na huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama ghafla. Hapo ndipo mzunguko unapoanza. Mtu anausikia moyo ukidunda, anadhani ni mshtuko wa moyo, anaogopa, na woga wenyewe unauongezea moyo kasi.

Kiasi ndicho kinachoamua mengi. Katika utafiti uliofanywa Chicago na kuchapishwa mwaka 2017, watu 42 walipewa THC au kidonge kisicho na dawa, kisha wakatakiwa kufanya kazi ya kuwatia msongo, ikiwemo kuhojiwa mbele ya watu. Waliopata miligramu 7.5 walipungukiwa na msongo. Waliopata miligramu 12.5 walizidiwa na hisia mbaya tangu kabla ya kazi kuanza. Tofauti ya miligramu 5 hakuna anayeweza kuipima kwa macho kwenye msokoto. Bangi iuzwayo kwa siri haina kibandiko: inayopitia miji ya mpakani ya Busia na Malaba kutoka magharibi, na ile ya Ethiopia iitwayo shashamane au shash, inayosifiwa kwa ukali, zote humfikia mnunuzi zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ileile.

Bangi ya kuliwa ina mtego wake. Ya kuvutwa hupanda ndani ya dakika chache, na makali yake hupungua baada ya saa moja hadi tatu. Iliyo ndani ya keki au biskuti hukawia kati ya nusu saa na saa mbili, kwa kuwa lazima ipite tumboni na kwenye ini, ambako THC hugeuzwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi. Mlaji anaona hakuna kitu, anaongeza kipande cha pili, kisha vyote viwili vinamfikia pamoja. Hofu ya namna hiyo inaweza kuja na kurudi kwa saa 6 hadi 8, au hata zaidi.

Mahali na hali ya mtu vina uzito karibu sawa na kiasi. Mwaka 1970 daktari Mmarekani Andrew Weil alieleza kwamba sehemu kubwa ya madhara aliyoyaona yalikuwa hofu tupu ya watumiaji wapya, na akaonya kuwa daktari anayelichukulia tukio hilo kama wazimu hulikoleza. Maelezo hayo yanaifaa Nakuru ya leo. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 hata kwa bangi ya matumizi binafsi. Marekebisho ya 2022 yaligusa adhabu bila kuihalalisha bangi. Kwa hiyo bangi huvutwa kwa kujificha, nyuma ya gereji au katika chumba cha kupanga kisicho na dirisha la maana, sikio likiwa mlangoni. Anayeogopa polisi kabla ya kuvuta tayari ameanza nusu ya safari ya hofu. Tena huu ni ukanda uliopitia mapigano ya Molo mwaka 1992 na ghasia za baada ya uchaguzi zilizoikumba Nakuru na Naivasha Januari 2008. Mtu aliyebaki na kiwewe cha siku hizo anaweza kutafuta usingizi kwenye bangi, na bangi ikamrudishia alichokuwa akikikimbia.

Tatizo si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kuwa Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi.

Msaada wa kwanza ni mtu mmoja mtulivu. Aliyeshikwa na hofu huondolewa penye muziki, moshi na umati, akaketishwa au kulazwa ubavu, akafunikwa akihisi baridi. Huambiwa kwa sauti ya chini ni nini alichotumia, kwamba ndicho kinachomfanya ajisikie hivyo, na kwamba kitaisha. Maneno hayo hurudiwa kila anaposahau. Hupumua taratibu, akivuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Wengine hutulizwa na kazi ndogo, kama kutaja vitu vitano wanavyoviona. Maji ya kunywa kidogokidogo hupunguza ukavu wa kinywa. Hapaswi kuachwa peke yake, kuendesha pikipiki wala kupelekwa karibu na barabara kuu.

Tiba za mtaani ni nyingi. Maziwa, limau na sukari havifuti THC iliyokwisha ingia kwenye damu, ingawa havidhuru; kutafuna pilipili manga nako kunasifiwa sana kuliko kulivyothibitishwa. Vinavyodhuru ni vingine. Muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha, na kahawa huuongezea moyo kasi. Bia huongeza ulevi na kizunguzungu. Vidonge vya mtaani kama bugizi, hasa vikichanganywa na pombe, vinaweza kuzima pumzi, jambo ambalo hofu yenyewe haifanyi. Kumfunga mtu kamba, kumwagia maji baridi au kumkemea mapepo kwa kelele ni kumthibitishia kwamba kweli yuko hatarini. Sala ya sauti ya chini, kwa anayeitaka, ni jambo jingine.

Hospitali inahitajika haraka kukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia, degedege, kutapika kusikokoma, au maneno ya kutaka kujiua. Vivyo hivyo mtu anaposikia sauti zisizokuwepo au kuchanganyikiwa hadi siku ya pili. Mtoto aliyekula biskuti ya bangi hapelekwi kulala, hupelekwa hospitali. Hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita PGH, kifupi cha jina lake la zamani, na ile ya Gilgil zina huduma za afya ya akili. Mhudumu aelezwe wazi kilichotumiwa na saa kilipotumiwa. Kwa kawaida hupima moyo na sukari ya damu, na akiona haja hutoa dawa ya kutuliza kwa kipimo anachokijua.

Hofu inayorudi kila mara ni dalili kwamba bangi haimfai mtu huyo, na njia ya uhakika ni kuiacha. Wanaopaswa kuiepuka kabisa ni vijana wadogo, wajawazito, wenye maradhi ya moyo, na wale ambao wao au ndugu zao wa damu wamewahi kuugua ugonjwa wa akili. Aliyezoea kuvuta kila siku ajue kwamba kuacha nako huleta wasiwasi, hasira na kukosa usingizi: huanza ndani ya siku moja hadi tatu, hukolea wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili hivi. Wengi hurudia msokoto katika wiki hiyo ya kwanza, wakidhani wasiwasi huo ndio hali yao ya asili. Ushauri kuhusu bangi na dawa nyingine hutolewa bila malipo kwa simu ya NACADA, namba 1192.