Bei ya New York, Milima ya Umatengo

Kabla ya kahawa, Wamatengo walijulikana kwa ngoro: mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko mikali, nyasi zikafukiwa kwa udongo kuyazunguka, maharage yakapandwa juu ya matuta na mvua ikanaswa isiondoke na ardhi. Kahawa ilipoingia miaka ya 1920 haikuung'oa utaratibu huo. Iliketi karibu na nyumba, ngoro zikaendelea kulisha familia, na fedha ya kahawa ikafanya mengine yote.

Fedha hiyo ilipitia chama. Mwaka 1936 kilianzishwa Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, kwanza kwa ajili ya tumbaku. Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Mbinga, wilaya ya Wamatengo, ikaja kuwa na chama kikuu chake, MBICU. Kwa mkulima wa kule milimani, chamani ndiko taifa lilikoonekana kwa macho: mbolea na dawa za mkopo, mizani na malipo.

Ndipo Julai 1989 nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa zikashindwa kuelewana, na mgawo wa mauzo uliokuwa ukiilinda bei ukavunjika. Bei ikaporomoka. Nyumbani, Tanzania ilikuwa imeshakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza masoko tangu 1986, na kuanzia 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Walikuja na fedha taslimu, wakaondoka na kahawa. MBICU, ikiwa imebeba madeni, ilianguka katikati ya muongo huo, na pembejeo za mkopo zikaanguka nayo.

Wapo wanaosema chama kiliuawa na wezi wa ofisini. Ubadhirifu katika ushirika si hadithi ya kutunga, lakini hakuna karani wa Mbinga aliyeshusha bei ya soko la kahawa la New York. Kilichobadilika ni kipana kuliko hasara ya chama kimoja: aliyekuwa mwanachama sasa alikuwa muuzaji, peke yake na gunia lake. Wengine waliiacha mibuni ichakae, wakahamishia nguvu kwenye mahindi. Hata Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, haikusalimika, maana dagaa wa ziwa hilo hupanda mlima kutafuta mnunuzi, na mnunuzi huyo ni mkulima wa kahawa.

Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa iuzwe tena kupitia vyama vya msingi. Hata hivyo magoma, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, hayakufa. Wakemewao ni walanguzi, na ni sawa wakemewe. Lakini sare na madaftari ya watoto hununuliwa Januari, mbolea hutakiwa mvua zikiwepo, na kahawa ya Mbinga huanza kuvunwa karibu na Juni. Katika miezi hiyo ya katikati, mwenye fedha mkononi bado ni mlanguzi.