Charles Darwin na safari ya Beagle

Charles Darwin (1809–1882) alikuwa mwanasayansi Mwingereza aliyechunguza mimea, wanyama na mawe. Alisoma Cambridge akikusudiwa kuwa mchungaji wa kanisa la Anglikana. Watoto wetu hukutana na jina lake katika somo la biolojia, kisha huleta maswali nyumbani na kanisani. Ni vema tujue kwanza alisema nini.

Safari

Tarehe 27 Desemba 1831 aliondoka Uingereza katika merikebu Beagle, ya kapteni Robert FitzRoy, iliyotumwa kupima pwani za Amerika ya Kusini. Alirudi Oktoba 1836. Mnamo Februari 1835 tetemeko liliangusha mji wa Concepción, Chile. Darwin aliona pwani imeinuliwa, kome wamebaki nchi kavu. Akasadiki kwamba uso wa dunia hubadilika. Sisi wa Kibati, tulioona lava ya Nyiragongo ikikata barabara ya Rutshuru mwezi Mei 2021, tunalielewa hilo upesi.

Visiwa vya volkano

Septemba 1835 walifika Galápagos. Baadhi ya ndege wa kisiwa kimoja hawakufanana na wa kisiwa jirani. Darwin akajiuliza: je, wote walitoka kwa mababu wamoja?

Nadharia

Jibu lake ni hili: viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kuishi. Wale wenye maumbile yanayofaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi, na baada ya vizazi vingi jamii nzima hubadilika. Mwaka 1858 Alfred Russel Wallace alimwandikia wazo hilohilo kutoka visiwa vya Asia. Maandishi ya wote wawili yalisomwa London tarehe 1 Julai 1858, na kitabu cha Darwin kikatoka Novemba 1859.

Afrika

Mwaka 1871 aliandika kwamba yaelekea wazee wa kwanza wa binadamu waliishi Afrika, wanakoishi gorila na sokwe. Hakusema kwamba mtu alizaliwa na gorila wa leo. Alisema wana babu mmoja wa zamani sana. Gorila wa milima yetu ya Virunga alipewa jina la kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufa.

Wakristo waligawanyika tangu mwanzo. Wengi walikipinga kitabu. Mchungaji Charles Kingsley alikipokea kwa furaha. Kijana akiuliza, basi, tusimnyamazishe. Tukae naye, tusome pamoja.