Kiwanuka, Benedicto (1922–1972)

Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka alikuwa askari, kisha wakili, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, na mzalendo wa kwanza wa nchi hiyo kushika cheo cha Jaji Mkuu. Vitabu vingi humhesabu miongoni mwa wanasiasa walioshindwa na Milton Obote na kuuawa na Idi Amin. Kipimo hicho hakimtoshi. Ukiyafuata maisha yake tangu alipovua sare, utaona kwamba alibaki mtu wa mahakama hata alipokuwa jukwaani, na kwamba kuanguka kwake mwaka 1962 na kifo chake mwaka 1972 vina chanzo kimoja: aliamini kwamba utaratibu ulioandikwa unamfunga kila mtu, awe mnyonge au mkuu.

Jeshi na masomo

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 huko Buddu, katika eneo la Masaka, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1942 aliingia jeshini, akatumikia Kenya, Misri na Palestina, akaacha mwaka 1946 akiwa sajini meja. Waandishi hupenda kuueleza ukakamavu wake kwa miaka hiyo ya vita, lakini kazi iliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi. Alikuwa mkalimani wa Mahakama Kuu. Mkalimani hana ruhusa ya kupunguza neno la mshtakiwa wala kuongeza la jaji, na ni nadra kwa mtu kupata shule ngumu kuliko hiyo kabla hajafungua kitabu cha sheria. Baadaye alisoma Chuo cha Pius XII, Basutoland, kisha London, na mwaka 1956 akakubaliwa kuwa wakili kupitia Gray's Inn.

Siasa

Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa rais wa Democratic Party. Uchaguzi wa 1961 ulisusiwa Buganda kwa wito wa serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, hata waliojitokeza kupiga kura huko wakawa wachache mno. Chama chake kilipata viti 20 kati ya 21 vya Buganda, kikaunda serikali ingawa chama cha Obote, UPC, kilikuwa na kura nyingi zaidi nchi nzima. Hapa ndipo hoja nzito dhidi yake inapokaa, na msomaji wa Kalangalala, katikati ya mji wa Geita nchini Tanzania, anaifahamu vizuri. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi lililoanzishwa na serikali ya kikoloni, wakaandamana hadi Mwanza. Baraza lile lilikuwa na sheria nyuma yake, ila halikuwa na ridhaa ya watu. Je, serikali ya Kiwanuka ilikuwa na tofauti gani? Katika Buganda, tofauti ilikuwa ndogo, na ni haki kusema kwamba alikosea kudhani kiti kilichopatikana kihalali kingetosha kuwatuliza waliosusa.

Lakini wanaomwita mroho wa madaraka hawana ushahidi. Katika mazungumzo ya katiba ya London aliupinga vikali mpango wa kuiachia Lukiiko, yaani baraza la Buganda, iwachague wabunge wa Buganda. Mpango ulipita, na Aprili 1962 muungano wa UPC na chama cha wafuasi wa Kabaka, Kabaka Yekka, ukamtoa. Sheria ni msumeno: ilimpa serikali mwaka 1961, ikamnyang'anya mwaka uliofuata, hata kiti cha ubunge akakikosa. Alikabidhi ofisi bila kumwaga damu, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba. Mpenda madaraka angekuwa na visingizio tele vya kung'ang'ania.

Jaji Mkuu

Obote alimweka kizuizini mwaka 1969. Amin alipompindua Obote akamwachia Januari 1971, na katikati ya mwaka huo akamteua Jaji Mkuu. Wapo wanaouliza mtetezi wa sheria alipokeaje cheo kutoka kwa mtu aliyepindua serikali. Swali ni la haki, na jibu lake limo katika kazi aliyoifanya humo. Septemba 1972 aliamuru raia wa Uingereza aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi aachiwe, kwa kuwa jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata. Aliyenunuliwa kwa cheo asingeandika amri kama hiyo, tena katika wiki zilezile ambapo wafuasi wa Obote walikuwa wamevuka kutoka Tanzania kuishambulia Uganda na kila mwenye historia ya siasa alitazamwa kama msaliti. Tarehe 21 Septemba watu wa Amin walimchukua mchana kweupe kutoka Mahakama Kuu, Kampala. Mwili wake haukupatikana kamwe.

Familia

Alimwoa Maxencia Zalwango, wakajaliwa watoto kadhaa. Mwanawe Maurice Kagimu Kiwanuka alikuja kuwa waziri. Mjukuu wake, Mathias Kiwanuka, alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani katika timu ya New York Giants.

Kumbukumbu

Mahakama ya Uganda huandaa mhadhara wa kumkumbuka kila Septemba. Chama chake bado kipo.